Mama aliporudi na Kimatengo chake

Simu ya kwanza ilikuja Februari 2022, saa mbili usiku, nikiwa naosha vyombo nyumbani kwangu Mbagala. Alikuwa mdogo wangu wa kiume, anayeishi na mama kijijini kwetu jirani na Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. "Dada, shikamoo. Mama anaumwa kichwa, siku ya tano leo." Nikamwambia ampe panadoli na ampeleke zahanati. Nikamaliza vyombo vyangu, nikalala.

Mama yetu si mtu wa kuugua. Kazi yake ni dagaa. Alfajiri mitumbwi ikirudi yeye yuko pale mchangani na beseni, ananunua, anaanika, na akipata mzigo wa kutosha anaupandisha kuuza Mbinga. Kwa hiyo wiki ya pili niliposikia hajaenda ziwani siku nane, moyo ulishtuka kidogo. Kidogo tu. Zahanati walimpa dawa ya malaria, homa ikashuka, ikarudi. Mahali pengine wakasema taifodi, akachomwa sindano. Kichwa kikabaki palepale.

Aliyeona kwanza kwamba jambo si la kawaida ni wifi yangu, mke wa huyo mdogo wangu. Aliona mama anatia chumvi kwenye chai. Aliona anamwita mjukuu wake kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Aliona anakaa gizani kwa sababu mwanga unamuumiza macho. Akamwambia mumewe, "Hii si malaria." Kesho yake wakampakia kwenye pikipiki, yeye wifi nyuma akimshikilia, mpaka Mbamba Bay. Kutoka hapo ni kilomita 66 za lami kupanda Mbinga. Namshukuru Mungu kwa ile lami, maana ile barabara ya zamani wanaoijua wanajua.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo kwa mwaka mzima sikuisema.

Hospitalini daktari alijaribu kuinamisha shingo ya mama ili kidevu kiguse kifua, ikagoma. Akasema anashuku maambukizi kwenye utando wa ubongo, yale watu wengi wanayoyaita homa ya uti wa mgongo, na kwamba anataka kuchukua maji kidogo mgongoni kwa sindano ili ajue ni ya aina gani. Ndugu waweke sahihi. Mdogo wangu akanipigia, maana mimi ndiye mkubwa na mimi ndiye niliyesoma. Nikamwambia asisaini.

Sababu yangu? Jirani yangu hapa Mbagala mumewe alichomwa sindano ya mgongo, akafa siku iliyofuata. Mtaani kwetu yeyote atakuambia kwamba sindano ile inaua au inapoozesha. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza, kwamba sindano inaingia chini kiunoni, chini ya pale uti wenyewe wa mgongo unapoishia, na kwamba yule jirani alipelekwa akiwa tayari hajitambui. Ugonjwa ndio uliomuua. Sindano ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuonekana.

Daktari aliomba mara mbili. Mara zote mbili nilisema wasubiri nifike. Siku ya tatu asubuhi, kabla sijakata hata tiketi, simu ikaja tena. Mama ameamka mkono wa kulia na mguu wa kulia havisogei, mdomo umekwenda upande, na haongei. Kiharusi.

Ya safari sitaeleza sana. Dar es Salaam mpaka Songea ni siku nzima ndani ya basi, na kutoka Songea kwenda Mbinga ni kilomita kama 100 nyingine. Nilizipita Iringa, Makambako na Njombe bila kuona kitu. Nilipofika nilisaini ile karatasi nikiwa bado na mkoba begani.

Kilichopatikana ni kifua kikuu. Mama hakuwa anakohoa, hakuwa na makohozi, na kipimo cha virusi vya UKIMWI kilionyesha hana. Nilimwambia daktari pengine wamekosea, kwa sababu mimi nilidhani TB ni ya mapafu tu. Akanieleza taratibu. Vijidudu vya TB huingia kwa njia ya hewa, vinaweza kulala mwilini miaka mingi, kisha vikasafiri na damu mpaka kwenye utando unaofunika ubongo. Huko havifanyi haraka. Ile homa ya uti wa mgongo ya bakteria wengine inaweza kumaliza mtu kwa siku moja au mbili. Hii ya TB inakwenda pole pole, wiki mbili, wiki tatu, kichwa, homa ndogo ndogo, kutapika, tabia kubadilika. Ndiyo maana inafichwa na malaria. Uvimbe wake hujikusanya zaidi chini ya ubongo, pale inapopita mishipa mikubwa ya damu, ukaibana. Mshipa ukiziba, sehemu ya ubongo inakosa damu. Hapo ndipo kiharusi kinapotokea. Ubongo wa kushoto ndio unaoongoza mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye maneno.

Nilimuuliza swali langu nikiwa nimetazama sakafu: tungekubali siku ile ya kwanza, asingepooza? Alikaa kimya, kisha akasema, "Dada yangu, pengine. Na pengine angepooza vilevile. Wapo wanaopata kiharusi wakiwa tayari wameanza dawa." Niliishika ile pengine ya pili kama mtu anayezama. Ya kwanza sikumwambia mtu.

Dawa za TB serikali inatoa bure, na hilo lilituokoa. Kwa TB ya ubongo hazinywewi miezi sita kama ya mapafu, ni miezi kumi na miwili, na mwanzoni anaongezewa dawa ya kupunguza uvimbe kichwani. Zilisagwa, zikapitishwa kwenye mpira wa puani pamoja na uji, maana kumeza kulikuwa kumegoma. Siku ya kwanza wifi alipoona mkojo mwekundu kama chungwa alipiga kelele wodi nzima ikageuka. Nesi akacheka, akasema ni rangi ya dawa. Vitu hivyo vidogo mtu angetuambia mapema tungepumua. Gharama nyingine hazikuwa za bure. Mjomba wa Mbinga aliuza ng'ombe, mimi nikakopa kwenye kikoba, mdogo wangu akauza nyavu. Nyavu ndizo zilizoniuma, kwa kuwa mvuvi bila nyavu anakuwa kibarua wa mwenzake.

Tuligawana zamu, lakini nisiseme uongo kwa faida ya gazeti. Zamu zilikuwa za wifi. Kumgeuza mama kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya kulala, mchana na usiku, ni yeye. Kumnyoosha vidole visije vikakakamaa, ni yeye. Mimi nilikaa wiki tatu, likizo ikaisha, nikarudi Dar kutuma pesa. Kutuma pesa ni kazi safi, haina harufu.

Na huyo wifi mwaka uliotangulia alikuwa hasalimiani na mama. Waligombania shamba la mihogo, mpaka wakawa wanapika majiko mawili katika uwanja mmoja. Kila mtu kijijini alijua.

Kwa hiyo mama aliporudishwa nyumbani mwezi Aprili, akiwa amebebwa, maneno yalikuwa yamemtangulia. Kupooza ghafla, tena upande mmoja, na sauti kukatika? Kwetu watu wana jibu la haraka kwa hilo. Baba mkubwa aliitisha kikao Jumapili chini ya mwembe. Nilikuwa nimerudi kwa siku nne. Alizunguka sana, akasema hamtaji mtu, ila ugonjwa huu una mkono, na mwenye mkono yuko karibu na chungu cha mgonjwa. Akapendekeza dawa za hospitali zisimamishwe kidogo, mama apelekwe kwa mtaalamu fulani ng'ambo ya mto. Wifi alikuwa amekaa kwenye mkeka, nguo ya kumfutia mama ikiwa bado mkononi. Hakulia. Alikuwa anakunja ile nguo, anaikunjua, anaikunja.

Nilinyamaza muda mrefu kuliko inavyopaswa. Nilikuwa nawaza, wakiamini ni uchawi, basi si mimi. Ndivyo nilivyowaza, msomaji. Halafu nikasema, "Shikamoo baba. Naomba nizungumze." Nikawaambia kwamba daktari alitaka kuchukua maji siku ya kwanza, na aliyekataa ni mimi, kwa simu, mara mbili. Kwamba huyu mnayemtazama ndiye aliyemkamata mama kwenye pikipiki. Kwamba dawa hizi zikikatizwa vijidudu vinarudi vikiwa sugu, na safari hiyo hakuna ng'ombe wa kuuza.

Baba mkubwa alisema, "Kumbe," akatema mate pembeni. Kikao kikaisha bila kufungwa. Wapo ambao mpaka leo wanaamini walichoamini. Lakini dawa hazikusimamishwa. Mdogo wangu hakusema nami wiki mbili, na haki yake ilikuwa. Alikuwa amebeba lile kosa kama lake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kalamu mkononi.

Sauti ya mama ilirudi mwezi Juni, na ikatushangaza. Mama ni Mmatengo, kwao ni milimani huko Litembo. Aliolewa ziwani akiwa msichana, na sisi watoto tulikulia Kinyasa na Kiswahili. Kimatengo alikuwa anakitumia akikutana na ndugu zake sokoni Mbinga, basi. Sasa maneno yaliyotoka kwanza yalikuwa ya Kimatengo. Kiswahili kilikuwa kimezama. Anamwita wifi, anasema jambo refu, anakasirika kwamba haeleweki, analia. Daktari wa kliniki alisema hutokea: mtu wa lugha mbili akipata kiharusi, moja inaweza kutangulia kurudi, wakati mwingine ile ya utotoni.

Tukamwomba mama mdogo ashuke kutoka milimani. Alikuja na mfuko wa maharage na kahawa ya kusaga, akakaa miezi miwili akitutafsiria mama yetu wenyewe. Tulidhani mama anaomba maji au anaumwa. Mama mdogo akasikiliza, akaanza kucheka mpaka akashika mbavu. "Anauliza ngolo za maharage nani kazichimba." Ngolo ni yale mashimo ya Wamatengo kwenye miteremko: wanaume wanafyeka nyasi na kuzipanga kama miraba, wanawake wanachimba katikati na kufukia nyasi kwa udongo, mvua ikija inatulia shimoni badala ya kuchukua ardhi. Mama hakuwa amechimba ngolo tangu aolewe. Alikuwa anagombana na dada yake kuhusu shamba la mwaka ambao mimi sijazaliwa.

Wifi alianza kujifunza. Mwanzoni maneno ya maji, chakula, choo, maumivu. Baadaye akawa anajibizana naye. Nikipiga simu nasikia nyuma yake wawili hao wakibishana kwa lugha nisiyoijua.

Dawa zilimalizika mwishoni mwa Februari 2023. Mkono wa kulia haukurudi, unakaa umekunjwa kifuani. Mguu unaburuzika, lakini kwa fimbo anafika mchangani. Kiswahili kimerudi na mapengo. Samaki wote anawaita dagaa, hata mbasa. Majiko sasa ni moja, ingawa la mihogo halijaisha, kila mmoja bado anasema mpaka uko kwake.

Mwezi huo nilikuwa nyumbani. Nilimkuta ufukweni amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anaelekeza kwa fimbo jinsi ya kutandaza dagaa, wifi amemwinamia akipinga. Nilikaa karibu naye nikamwambia habari ya ile sindano, yote, maana wengine wote walishaambiwa ila yeye. Alinisikiliza, jicho lake likiwa kwenye mitumbwi. Kisha akasema kitu kwa Kimatengo.

Nilimtazama wifi anitafsirie. Wifi akasema, "Anasema utoke hapo, umekaa juu ya kamba ya dagaa."