Skrubu ya chuma au ya kauri? Staa aliyetaka jino jipya lisijulikane kuwa jipya

Mjini ukisikia staa "katengeneza meno" unajua tayari: kayafanya meupe peee kama vigae vya bafuni. Ila bi dada mmoja wa filamu, jina lake libaki kapuni, kafanya tofauti kabisa.

Miaka miwili iliyopita alipata ajali ya bodaboda, jino la mbele la juu likaenda. Tangu hapo akawa anavaa jino la pleti, lile la kuvua usiku na kuweka kwenye glasi ya maji. Kwenye picha hakuna aliyeshtuka. Kasheshe ilikuja siku anarekodi sini ya kugombana na mke mwenza. Kafoka kwa hasira, pleti ikaruka mpaka kwenye zulia. Watu wakafa kwa kicheko, naye akacheka nao, halafu akaenda kulia ndani ya gari.

Akajichanga, akaenda kwa daktari wa meno jijini Dar kuulizia jino la kupandikiza. Huko akakuta ana maamuzi mawili ya kufanya. Jino la kupandikiza lina sehemu mbili kubwa: skrubu inayozamishwa kwenye mfupa wa taya, ambayo ndiyo mzizi, na kofia inayokaa juu, ambayo ndiyo watu wanaiona ukicheka. Skrubu huwa ya titani, ambayo ni chuma, au ya zirkonia, ambayo ni kauri nyeupe.

Bi dada alishajazwa maneno saluni kwamba chuma kitaota kutu mdomoni. Alitaka zirkonia tu. "Dokta, mimi sitaki chuma, nataka kila kitu cheupe."

Daktari, mama mtu mzima, akamweka chini. "Mwanangu, titani haioti kutu, na mfupa unaipenda." Akamsimulia habari ya Per-Ingvar Brånemark, mtafiti wa Sweden. Kwenye miaka ya 1950 alikuwa anachunguza mifupa ya sungura kwa kutumia vifaa vya titani. Alipotaka kuvitoa, vikagoma, mfupa ulikuwa umevishika kabisa. Mwaka 1965 akamwekea binadamu wa kwanza meno ya namna hiyo, na yule mgonjwa akayatumia zaidi ya miaka 40, mpaka anafariki.

Zirkonia nayo ina sifa zake. Haina weusi, kwa hiyo mwenye fizi nyembamba haonekani na kivuli cha kijivu juu ya jino. Inamfaa pia mtu asiyetaka chuma kabisa mwilini. Ila ni kauri. Ni ngumu kweli, lakini ikizidiwa haipindi, inavunjika. Halafu nyingi zinakuja kipande kimoja, mzizi na shina pamoja, kwa hiyo zikishawekwa hakuna nafasi kubwa ya kurekebisha mwelekeo. Na haijatumika muda mrefu kama titani.

Akapimwa. Fizi zake zikakutwa nene, chuma kisingeonekana. Kwenye skrubu wakakubaliana titani.

Ikabaki kofia, na hapo ndipo kimbembe. Bi dada kakulia Arusha, kule ambako maji ya sehemu nyingi yana madini mengi ya floraidi. Mtoto akiyanywa wakati meno yanajitengeneza ndani ya fizi, yanaota na madoa ya kahawia. Yeye anayo. Daktari akamuuliza: "Kofia tuifanye nyeupe, au ifanane na wenzake?"

Swali dogo hilo, ila jibu lake ni la miaka. Dawa ya kung'arisha inabadilisha jino la asili, kofia haibadiliki. Ukiiweka ya kahawia leo, kesho ukang'arisha meno mengine, hiyo moja inabaki kama ilivyo. Ukiiweka nyeupe, lazima uyafukuzie mengine yote.

Meneja akasema nyeupe, tena ikiwezekana yachongwe yote yavikwe kofia, kuna tangazo la dawa ya mswaki linanukia. Mama yake mzazi akapiga simu kutoka Arusha: "Mwanangu, utachongaje meno mazima kwa sababu ya moja lililokufa?"

Wiki nzima hakulala vizuri. Mwisho akachagua kofia ya zirkonia iliyotiwa rangi ya meno yake, na kidoa chake cha kahawia pembeni. Tangazo likaenda kwa mwingine. Iliuma, maana hela ilikuwa nzuri.

Daktari akamalizia na lililomuuma zaidi: shisha basi. Titani au zirkonia, moshi unachelewesha kidonda kupona na unaweza kuua jino lote la kupandikiza. Na jino bandia halitoboki, ila fizi inayolishika inaugua, hivyo mswaki uko palepale. Kasubiri miezi mitano mfupa ushike ndipo kofia ikawekwa.

Juzi kaachia kipande cha filamu mpya, kacheka mdomo wote wazi. Mashabiki wamejaa wakiuliza lini atatengeneza meno.

Ungekuwa wewe, ungechukua tangazo au ungebaki na rangi ya kwenu? Funguka hapo chini.