Adui Aliye Ndani ya Kitawi

Familia nyingi za askari tunaoishi kambini hapa Kampala zina kibanja mahali fulani nje ya mji, Mukono, Luweero, Masaka au mbali zaidi, na aghalabu kibanja hicho kimepandwa mibuni. Mshahara hununua unga na sabuni. Karo ya shule hungojea kiboko kikauke. Katika Operesheni ya Kuunda Utajiri wanajeshi wenyewe ndio waliogawa miche ya kahawa vijijini, na tangu bei ilipopanda sana mwaka 2024 hakuna mazungumzo bombani pasipo kutajwa kahawa. Lakini huzungumzwa bei tu. Mimi nataka kumzungumzia mdudu.

Ni bungua mweusi wa vitawi, ambaye urefu wake haufiki milimita mbili. Alionekana nchini mwetu mwaka 1993 huko Bundibugyo, na baadaye akaenea katika mashamba ya robusta. Aingiaye ni jike peke yake. Hutoboa kitundu mfano wa ncha ya pini, mara nyingi upande wa chini wa kitawi, akachimba handaki. La ajabu ni kwamba hali mti wenyewe. Amebeba kuvu, naye huipanda katika kuta za handaki hilo, kisha yeye na wanawe huila. Ni mkulima aliyejikatia shamba ndani ya shamba lako bila kulipa kodi. Kitawi hukosa maji, majani huwa ya kahawia kisha meusi, na buni hukauka zingali changa. Madume hawawezi kuruka. Huoana na dada zao humo humo. Baada ya mwezi mmoja hivi majike wapya hutoka, kila mmoja na kuvu yake, kutafuta vitawi vingine.

Kibanja chetu kiko upande wa Mukono, na mlinzi wake ni mama mkwe wangu. Alipoona vitawi vya kwanza vimekauka alikaa chini akashika tama. Alidhani ni ule mnyauko uliozuka katika miaka ya 1990, uliomlazimu kung'oa mibuni ya marehemu mumewe na kuichoma moto. Nilimpasulia kitawi kwa kisu cha jikoni, nikamwonyesha handaki na vifunza vyeupe ndani yake. Mnyauko huua mti mzima. Bungua huua kitawi hiki na kile, na mti uliobaki ukawa kijani kibichi. Tofauti hiyo yafaa kila mama wa shamba aijue.

Jirani yangu kambini, mke wa sajini, alikuwa ametumia akiba ya miezi mitatu kununua dawa katika duka moja la mjini, chupa yenye karatasi iliyobandikwa juu ya karatasi nyingine. Vitawi viliendelea kukauka. Hata ingekuwa dawa halali, inayonyunyizwa juu ya majani haimfikii kwa urahisi mdudu aliyejificha ndani ya mti.

Njia iliyobaki ni kukata, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Vitawi vingi vilikuwa na buni.

"Mwanangu," alisema mama mkwe, "uliona wapi ng'ombe mwenye mimba akichinjwa?"

Nilipiga magoti nikamjibu, "Mama, mimba hii imekwisha kufa. Tunamwokoa ng'ombe."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akachukua makasi mkononi mwangu, akakata cha kwanza mwenyewe, chini ya kitundu, upande wa shina, palipo pazima. Vikapu viwili vilijaa kabla ya adhuhuri. Tulivichoma siku ile ile, kwa sababu kitawi kikitupwa chini wadudu huendelea kutoka. Nilipotazama moto ule nilihesabu karo ya muhula wa tatu ikiteketea, wala sitasema haikuniuma.

Tumeweka pia mitego. Bungua huvutwa na harufu ya pombe, kwa kuwa mti uliodhoofika hutoa harufu ya namna hiyo. Chupa tupu ya maji hukatwa madirisha ubavuni, ikatiwa waragi kidogo, ikaning'inizwa kati ya mibuni. Mama mkwe alihofia zaidi vijana wa kijiji kuliko wadudu! Mitego haimalizi kazi, ila hutuarifu mapema kwamba adui amefika.

Sasa kila Jumamosi mmoja wetu hupita mti hadi mti. Mdudu huyu huingia pia katika miparachichi, mikakao na misizi ya kivuli, kwa hiyo nayo twaikagua na kuipunguza matawi. Kuifyeka yote kungeiacha mibuni juani.

Lililotutia mashaka ni kibanja kinachopakana nasi. Mwenyewe ni askari aliye kazini mpakani, na vitawi vyake vikavu vilionekana hata kutoka barabarani. Kukata mbuni wa mtu bila idhini ni kesi. Tulimngoja siku tisa simu yake ipatikane. Alisikiliza, akauliza vitawi vingapi, nikamwambia visivyohesabika. "Kateni, shemeji," alisema, "ila buni zilizoiva mnianikie." Jumamosi hii tunaanzia kwake, nami nimeazima makasi ya pili kwa mke wa sajini.