Japani na Brazili: Mgeni na Jembe

Mwalimu anayesimamia kurasa za Kiswahili za gazeti letu ameniomba mimi, mwanafunzi wa zamani, niwaandikie habari za nchi mbili zilizo mbali na jinsi zinavyoshirikiana. Nimechagua Japani na Brazili kwa sababu mbili. Kwanza, sisi tuliozaliwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon tunaishi kwa kahawa, na hakuna nchi duniani itoayo kahawa nyingi kuliko Brazili. Baridi kali ikiunguza mibuni yao, bei ya kahawa yetu hupanda. Sababu ya pili nitaieleza mbele.

Mkitazama ramani mtaona ya kuwa nchi hizi ziko karibu pande mbili za dunia. Jua linapochomoza Tokyo, huko São Paulo linakaribia kutua. Hata hivyo, leo watu wanaokadiriwa kuwa milioni 2 au zaidi katika Brazili ni wa asili ya Kijapani, na hakuna nchi nyingine nje ya Japani yenye wengi kama hao. Mambo haya yalianzaje?

Serikali za nchi hizo zilitia sahihi mkataba wa urafiki na biashara mjini Paris tarehe 5 Novemba 1895. Kwa miaka kadhaa mkataba ule ulikaa kama karatasi tu. Kilichoutia uhai ni shida ya pande zote mbili. Brazili ilikomesha utumwa mwaka 1888, na wenye mashamba makubwa ya kahawa wakatafuta watu wengine wa kazi. Waliletwa Waitaliani wengi, lakini mwaka 1902 serikali ya Italia, iliposikia jinsi watu wake walivyotendewa mashambani, ilikataza wasichukuliwe tena kwa nauli ya kulipiwa. Huko Japani nako wakulima walikuwa wengi, ardhi ndogo na kodi nzito. Basi mwenye kutafuta kazi akakutana na mwenye kutafuta wafanyakazi.

Tarehe 28 Aprili 1908 meli iitwayo Kasato Maru iling'oa nanga Kobe, nayo imechukua Wajapani 781 wenye mikataba ya kazi. Ilifika bandari ya Santos tarehe 18 Juni. Watu hao walikuwa wameambiwa ya kuwa mbuni ni mti uzaao dhahabu, na kwamba baada ya miaka michache watarudi kwao wakiwa na fedha. Mkataba ulitaka waende kwa jamaa, kila jamaa iwe na watu wasiopungua 3 wawezao kazi. Wengine, ili wapate nafasi, waliandikishwa kuwa mume na mke, au mzazi na mtoto, hali hawakuwa hivyo.

Wazee wetu husema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wageni hawa hawakungoja hiyo siku ya tatu. Nasi tuliochuma kahawa tangu utoto twajua kazi ile inavyochosha mikono. Lakini kazi haikuwa ndiyo shida yao kubwa. Malipo yalikuwa kwa kadiri ya magunia waliyojaza, na mavuno ya mwaka ule yalikuwa haba. Chakula walinunua katika duka la mwenye shamba, kwa bei aliyoipanga yeye mwenyewe. Hesabu ilipofanywa, deni lilizidi mshahara. Mwaka haujapita, wengi walikuwa wameyaacha mashamba yale, na wengine walitoroka usiku.

Hapa ndipo ilipo sababu yangu ya pili. Mwaka jana mdogo wangu alileta nyumbani karatasi za kwenda kufanya kazi katika nchi moja ya Ghuba. Mama alikuwa amekwisha kuuza ng'ombe ili wakala alipwe. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, nilipewa karatasi zile nizitazame. Mshahara uliandikwa kwa herufi kubwa. Lakini nani atalipa nauli ya kurudi, nani atakaa na pasi yake, na kama chakula kitakatwa katika mshahara, hayo hayakuandikwa po pote. Nilipomwuliza wakala, alinijibu ya kuwa serikali zetu mbili zina mapatano, kwa hiyo tusiwe na wasiwasi. Nikawakumbuka wale watu 781. Wao pia serikali zao zilikuwa na mapatano. Nikamwambia mdogo wangu asitie sahihi mpaka mambo hayo matatu yaandikwe. Alikasirika, akasema namzuia riziki yake. Hadi leo hayajaandikwa, naye hajaondoka, wala hajanisamehe kabisa.

Tuwarudie Wajapani. Hawakuangamia, na wengine wengi walizidi kuja. Walipata ardhi kidogo kidogo, wakalima mboga, pamba na viazi. Mwaka 1927 wakulima 83 wa viazi waliunda chama cha ushirika mahali paitwapo Cotia, karibu na São Paulo, ili wauze mazao yao kwa sauti moja. Chama hicho kilikua kikawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Amerika ya Kusini, hata kikafungwa mwaka 1994. Watoto wao walijifunza Kireno, lugha ile ile iliyotupa sisi maneno kama meza na leso.

Kisha ikaja vita. Mwezi wa Januari 1942 Brazili ilivunja uhusiano wake na Japani. Shule za Kijapani zilikuwa zimekwisha kufungwa, na magazeti yao pia. Sasa hata kusema Kijapani hadharani kulikatazwa. Mwezi wa Julai 1943 Wajapani waliokaa Santos, bandari ile ile walikoshukia wa kwanza, walipewa saa 24 wahame. Walikuwa wakulima, wavuvi na wenye maduka. Kosa lao lilikuwa asili yao. Hata vita ilipokwisha mwaka 1945, wengi hawakuwa na gazeti la lugha waliyoijua, wakakataa kuamini ya kuwa Japani imeshindwa. Ugomvi ukazuka kati yao wenyewe, na watu zaidi ya 20 wakauawa. Serikali ya Brazili iliwaomba radhi Wabrazili wa asili ya Kijapani mwezi wa Julai 2024, wakati wengi wa waliofukuzwa walikuwa wamekwisha kufa.

Uhusiano ulirudishwa mwaka 1952, na kazi kubwa zikafanywa. Wajapani walitia fedha na ufundi katika kiwanda cha chuma cha Usiminas, na tanuri lake la kwanza likawashwa mwaka 1962. Tangu mwaka 1979 nchi hizi zilisaidiana kuilima Cerrado, nyika pana ambayo udongo wake ulikuwa mkali mno kwa mazao mpaka ulipotiwa chokaa. Leo nyika hiyo hutoa soya nyingi sana. Katika michezo pia walipeana. Mjapani Mitsuyo Maeda, aliyefika Brazili mwaka 1914, alifundisha judo, na jamaa ya Gracie wakaigeuza ikawa mchezo wa Kibrazili. Naye Zico, mchezaji mashuhuri wa mpira, alikwenda Japani mwaka 1991, kisha akawa mwalimu wa timu ya taifa hilo tangu 2002 hadi 2006.

Halafu njia ikageuka. Mwaka 1990 Japani, iliyohitaji watu viwandani, ilibadili sheria ili wajukuu wa wale waliohama waruhusiwe kukaa na kufanya kazi. Wakaenda kwa maelfu, hata mwaka 2007 Wabrazili huko walizidi 300,000. Wengi walikuwa na sura za Kijapani lakini hawakujua kusoma Kijapani. Kazi zilipopungua, mwaka 2009 serikali ya Japani ilimpa kila aliyekosa kazi na kukubali kurudi yen 300,000, kwa sharti asirejee kwa ruhusa ile ile. Babu alipewa jembe ugenini; mjukuu akapewa nauli ya kuondoka katika nchi ya babu yake.

Ndugu zangu, sisemi ya kuwa mikataba haina faida. Bila ule wa mwaka 1895 meli isingeondoka. Lakini mkataba wa serikali hufungua mlango tu. Haukuambii nani anauza chakula ndani ya nyumba. Wengi wenu mtamaliza shule na kuitwa kazini mbali, na pengine mtafanikiwa kuliko sisi tuliobaki. Nendeni. Ila kwanza someni karatasi yenu hata mstari wa mwisho, na jifunzeni lugha ya huko mwendako. Na akija mzazi asiyejua kusoma, ameshika karatasi ya mwanawe, msimharakishe. Keti naye, umsomee yote yaliyoandikwa, kisha umwambie na yale ambayo hayakuandikwa.