Kariakoo: Adhuhuri Umati, Alfajiri Safu Moja

Anayetaka kulijua jiji la Dar es Salaam na aanzie Kariakoo. Hata jina la mahali hapa lilikuja na wageni: limetokana na "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wazaramo walitangulia katika ardhi hii. Wamanyema walitoka mashariki ya Kongo, na jina lao lingali katika msikiti mashuhuri wa hapa.

Kilichowaunganisha ni nyumba ya Kiswahili: ukumbi wa kati, vyumba kuume na kushoto, ua nyuma. Mwenye nyumba na wapangaji wa makabila mbalimbali walichangia ua mmoja, na mtoto wa chumba kimoja alirudiwa na wazee wa vyumba vyote. Msiba ulikuwa wa nyumba nzima.

Leo nyumba hizo zinapisha maghorofa, chini duka, juu stoo. Warithi wengi wameuza, wakagawana mafungu yao, wakahamia Mbagala, Chanika au Bunju. Sensa ya 2012 ilihesabu mkoani watu 4,364,541. Ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Jiji limeongeza zaidi ya watu milioni moja, na wengi wao wanalala pembezoni.

Tuingiapo misikiti ya Kariakoo adhuhuri, safu hufika barazani: mnunuzi kutoka Lubumbashi, Mngazija, kijana wa Kisukuma aliyeacha meza yake ya viatu mtaa wa Kongo. Alfajiri hubaki safu moja ya wazee. Basi nani atamlipa mwalimu wa madrasa? Na mgeni akifia gesti, nani atasimamia maziko yake?

Wazee walitufunza kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tunaoandika mihtasari ya vikao tunajua jembe hilo bado limo mikononi mwa waliokwisha kuhama. Wauza maduka na wachuuzi, ambao ndio hujaza misikiti mchana, wapewe viti katika kamati, majina yao na ya jamaa zao yaingizwe daftarini. Waliohama nao wasiache kurudi, japo Ijumaa moja kwa mwezi, wawaoneshe wageni hawa makaburi ya wazee na mipaka ya wakfu. Asiyeijua mipaka hawezi kuilinda.