Geti la Mutuini

Matairi ya mbele yalizunguka bure, yakararua nyasi, yakarusha tope mpaka kwenye kioo cha Subaru iliyofungwa kwenye trela nyuma yetu. Ilikuwa Jumapili asubuhi kwenye kambi ya uwanja mmoja wa mbio katikati ya Uingereza. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na gari-nyumba nililokodi likagoma kuondoka. Mwanangu wa miaka kumi na miwili aliruka chini akaanza kusukuma, jinsi alivyowaona ami zake wakisukuma pikapu kule Naivasha. Hatukusogea hata shubiri. Tulikuja kuvutwa na trekta, gari na trela na Subaru kwa mkupuo mmoja.

Naishi Northampton, karibu na Silverstone. Majirani zangu wengi wanaopenda magari hufika mahali wakajiuliza ni gari-nyumba lipi litakalovuta gari la mbio na kulaza familia. Mimi nilikuwa na swali la pili, ambalo kwa miaka mingi sikumwambia mtu: ni lipi kati ya hayo litakaloingia nyumbani kwa mama, Mutuini huko Kenya, siku nitakaporudi?

Huku hesabu huanzia kwenye uzito. Nilipata leseni yangu hapa mwaka 2010, na leseni ya kawaida ya mtu aliyefaulu mtihani kuanzia Januari 1, 1997 haimruhusu kuendesha gari la petroli au dizeli linalozidi kilo 3,500. Waliotangulia wanaruhusiwa kufika kilo 7,500, ndiyo maana wazee wa hapa utawakuta na magari-nyumba makubwa kama basi. Trela ina hesabu yake. Tangu Desemba 16, 2021, sisi wa leseni mpya tunaruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500 bila mtihani mwingine. Watu walishangilia, wakasahau kwamba kila gari lina kikomo chake, kilichoandikwa kwenye kibati cha kiwanda: uzito wa gari na trela kwa pamoja. Gari la kilo 3,500 lenye kikomo cha pamoja cha kilo 5,500, likijaa, limekuachia kilo 2,000 za kuvuta. Subaru yangu ni kama kilo 1,400. Ongeza trela ya ekseli mbili, matairi ya akiba, jeki, spana na petroli, uone kilichobaki.

Ndani ya gari pia mambo ni yale yale. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 100 ni mtu mzima wa ziada. Muuzaji anakuonyesha vitanda sita na mapazia mazuri. Wewe muulize gari linabakiza kilo ngapi kabla hujapakia hata sufuria, kisha pima watoto wako.

Kuna pia suala la mkia, ambalo ndilo lililotukwamisha asubuhi ile. Magari-nyumba mengi ya Ulaya yamejengwa juu ya Fiat Ducato, gari ambalo nguvu yake iko kwenye matairi ya mbele, na mwili wake umerefushwa mbali nyuma ya ekseli. Ukifunga trela kwenye ncha ya mkia huo, pua ya trela inakandamiza nyuma na mbele kunainuka. Kwenye lami hutahisi kitu. Kwenye nyasi zilizolowa, matairi yanayotakiwa kuvuta ndiyo yaliyopunguziwa mzigo. Ningekuwa na mtu wa kunisikiliza ningemwambia atafute gari fupi linalosukumwa na matairi ya nyuma, na yakiwa mawili kila upande ni bora zaidi, hata kama vitanda ni viwili tu na watoto watalala hemani.

Hayo ni ya Uingereza, ambako mbio zina uwanja wenye ua, lango, bomba la maji na choo. Unaingia na nyumba yako, unaiegesha kwenye mstari uliochorewa, unachemsha chai yako.

Safari Rally haina ua. Ilianza 1953 kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na tangu hapo magari ndiyo yanayowafuata watu mashambani. Pasaka ya 1994 marehemu baba alinipeleka mjini kuyaona magari yakiondoka kwenye jumba la mikutano la KICC. Tulipanda matatu kutoka Dagoretti Market, mimi nimekaa juu ya mapaja yake ili tulipe nauli ya mtu mmoja. Ushindi mwaka huo ulikuwa wa Ian Duncan na Toyota Celica, lakini nyumbani jina lililotajwa wiki nzima ni la Patrick Njiru, aliyemaliza wa nne na Subaru Impreza. Sijawahi kununua gari la mbio la aina nyingine.

Mashindano ya dunia yaliiacha Kenya baada ya 2002, yakarejea 2021, na sasa makao yake ni Naivasha. Mwanangu nilimpeleka kwa mara ya kwanza akiwa na miaka tisa. Tulilala Kedong, watu kumi na mmoja na mahema matatu, na lile vumbi laini kama unga ambalo watu wa rali huliita fesh-fesh likaingia mpaka kwenye chumvi. Jirani asiyetujua alileta mbavu za mbuzi, sisi tukatoa chapati za mama. Usiku ule mtoto wangu, aliyezoea chumba chake peke yake, alilala katikati ya binamu watano na asubuhi akakataa kuamka. Huku Uingereza nimelala kambi nyingi zenye maji ya moto, na sijawahi kuletewa hata kipande cha mkate na jirani.

Lakini sitaisifu Kenya kwa kila kitu. Nimeona gari la mbio likiteremka Mai Mahiu kwenye trela isiyo na breki, likivutwa na pikapu iliyochoka, malori mbele na malori nyuma. Uingereza trela yoyote inayozidi kilo 750 lazima iwe na breki zake. Sheria hiyo ningeibeba kwenye begi niilete nyumbani kabla ya kuleta gari lolote.

Gari lenyewe nilitaka kulileta kweli. Mwaka jana nilimwomba mdogo wangu apime geti. Alikaa kwenye simu na tepu mkononi: geti lina upana wa futi 9 na inchi 4, gari linapita. Kichochoro kutoka barabara kuu, kinapita kwa shida. Waya za stima za jirani, zinainuka. Kisha akafika kwenye mparachichi ulioinamia njia ya kuingilia, tawi lake kubwa likiwa futi 8 na nusu kutoka chini. Gari nililolipenda lina kimo cha futi 9 na nusu. Mama akachukua simu. Akasema geti livunjwe, ukuta uvunjwe, lakini ule mti ulipandwa na baba yangu mwaka niliozaliwa.

Kisha nikasoma masharti ya forodha. Gari lililotumika haliingii Kenya likizidisha miaka minane, na ninaloweza kulipia lina kumi na tatu. Anayerejea nyumbani husamehewa ushuru wa gari moja alilolimiliki kwa angalau miezi kumi na miwili, ila msamaha huo ni wa mtu anayehama, siyo wa mtembezi. Fomu ilinitaka niseme kama narudi kabisa. Nilikaa nayo mezani siku nne. Mke wangu ana kazi hapa, mtoto ana shule, mama ana miaka sabini na minne. Sikuijaza.

Nimenunua gari la mizigo lililogeuzwa kuwa la kulala, fupi, la matairi ya nyuma, kwa ajili ya Silverstone na Donington. Litazeeka huku. Kwa Naivasha, mdogo wangu amepata lori kuukuu aina ya Canter, na mafundi wa Dagoretti Corner wanaitia paa, vitanda na tangi dogo la maji. Nimekuwa nikitaka gari moja litumikie makao mawili, na sasa natuma pesa za gari la pili nisilolala ndani yake zaidi ya siku kumi kwa mwaka. Inauma mfukoni. Sijutii.

Wiki iliyopita mama alitangaza kwamba safari hii naye anakwenda. Hajawahi kutazama mbio hata moja. Alichouliza ni atapandaje juu ya Canter na magoti yake. Mdogo wangu akarudi na ile tepu, akamsimamisha mama chini ya mparachichi, akamwambia ainue mguu bila kushika kitu. Inchi nane. Mafundi wameambiwa kila kidato cha ngazi kisizidi inchi sita, na waweke chuma cha kushikia upande wa kulia.