Kompyuta Haina Jimbo

Jamani, leo nataka kuzungumzia kitu kisichouza gazeti hata kidogo: matengenezo ya barabara. Sisemi ujenzi. Ujenzi una utepe, mkasi, ngoma na waheshimiwa waliopangwa juani. Nani umewahi kumwona akikata utepe kwa sababu kalavati limezibuliwa?

Kazi ya uripota imenipeleka kwenye semina kadhaa za wahandisi, na katika mojawapo mzee mmoja alinigeuzia kompyuta yake nione. Barabara nzima ilikuwa imekatwa vipande vipande. Kila kipande kina namba yake, aina ya tabaka la juu, umri, mashimo, jinsi kinavyotikisa gari na idadi ya magari yanayopita kwa siku. Ukishalisha hayo yote, programu inakokotoa: tukiacha kipande hiki miaka mitano itakuwaje, serikali italipa kiasi gani, na sisi wenye magari tutalipa kiasi gani kwa matairi na springi. Inayojulikana zaidi duniani inaitwa HDM-4. Mizizi yake mmojawapo, amini usiamini, uko kwa jirani zetu: kati ya 1971 na 1975 Waingereza na Benki ya Dunia walipima barabara na magari ya Kenya, na vipimo hivyo vikawa msingi wa hesabu za namna hii.

Sasa kilichonishangaza ni orodha yenyewe. Juu kabisa kulikuwa na barabara nzuri! Lami ina nyufa ndogo tu. Mzee akaniambia, hiyo ukiiwekea tabaka jembamba leo umemaliza. Ukingoja, maji yanaingia kwenye nyufa, msingi unaoza, na utaifumua yote uanze upya. Benki ya Dunia iliandika mwaka 1994 kwamba matengenezo ya dola bilioni 12, yangefanyika kwa wakati, yangeliokolea Afrika dola bilioni 45 za kujenga upya barabara katika muongo mmoja. Sasa nenda kamweleze mpiga kura ambaye barabara yake imeshakufa kwamba fedha zinakwenda kwa yule mwenye lami. Mbunge gani ataweza? Kompyuta inaweza kwa sababu haina jimbo.

Hapo nilikuwa nimeshakubali. Halafu nikakumbuka kwetu Kondoa.

Barabara ya kwenda kwa bibi ni ya udongo na inakatwa na korongo. Mvua ikinyesha huko juu, korongo linajaa na gari halivuki. Wenye alizeti wanasubiri. Mama mwenye uchungu naye anasubiri, au anavushwa mgongoni. Ukimweka mtu pembeni ahesabu magari, atahesabu mawili matatu, na barabara itashuka mkiani. Lakini magari hayapiti kwa sababu barabara ni mbovu! Hesabu inamwona aliyepita. Aliyeshindwa kupita haimwoni.

Wataalamu wanalijua hili, tusiwaonee. Benki ya Dunia ilitoa hata programu nyingine, RED, kwa barabara zenye magari machache. Bado mtu lazima aamue shule na zahanati zina uzito gani, na hapo ndipo siasa inaporudi kupitia dirishani. Kwangu hilo si baya, mradi orodha ibandikwe ukutani ofisi ya kijiji, watu waone wako wa ngapi na kwa nini. Fedha ni zao. Mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, na anayepanda bodaboda kwenda kliniki anailipa ndani ya nauli.

Likizo iliyopita nilijaribu kumweleza bibi mambo haya yote. Alinisikiliza huku anachambua mlenda, kisha akauliza: "Na punda, wamewahesabu?"

Niliporudi mjini nikapekua. HDM-4 ina nafasi ya waenda kwa miguu, baiskeli, na mikokoteni inayokokotwa na wanyama. Punda wa bibi hana mkokoteni. Anabeba mgongoni.