Kugeuka Kitandani

Muuza magodoro ana maswali mawili: futi ngapi, inchi ngapi. Ukimjibu "tano kwa sita, inchi nane", anavuta moja kutoka kwenye rundo, anachana nailoni kidogo pembeni, anabonyeza kwa kiganja na kukuambia, "Hebu sikia ulaini huo." Niliingia maduka manne pale Ngara mjini kumtafutia baba godoro, na hakuna hata mmoja aliyeniuliza atakayelilalia ni nani, anaumwa nini, anaamka vipi asubuhi. Siwalaumu. Kwenye kundi la WhatsApp la familia nako mjadala ulikuwa ni unene tu. Kaka mkubwa alishatoa hukumu: inchi kumi, chini ya hapo ni aibu.

Baba ni mwalimu mstaafu. Amejenga Bugarama, upande wetu wa Ngara unaopakana na Burundi, ana miaka sabini na mbili, na huu ni mwaka wa sita tangu daktari mmoja wa Mwanza amwambie ana ugonjwa wa Parkinson. Kabla ya hapo alikuwa amepewa majina mengine: presha, uzee, mkono wa mtu. Jirani mmoja alitueleza kwa upole kabisa kwamba mkono hautetemeki wenyewe, kuna anayeutetemesha. Na wala kutetemeka hakukuwa shida kubwa. Shida ilikuwa kukakamaa, na ile hali ya mwili kuchelewa kutii. Unamwambia "karibu chai", anasikia, anataka kuja, anabaki pale pale kama mtu anayesubiri kibali.

Kuishi na ugonjwa bila jina si jambo la Bugarama peke yake. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, katika eneo lenye watu zaidi ya 160,000. Walipatikana wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na yeyote kwamba wanaumwa hivyo. Walikuwa wakitetemeka majumbani mwao, wakiitwa wazee.

Hata huyo aliyeupa ugonjwa jina lake aliuona barabarani pia. James Parkinson alikuwa daktari wa London, na mwaka 1817 alitoa kijitabu ambacho yeye mwenyewe, na hili litawafurahisha wasomaji wa ukurasa huu, alikiita insha. Wagonjwa aliowaeleza mle ni sita tu. Baadhi alikutana nao njiani akawasimamisha na kuwauliza maswali. Mmoja alimwona kwa mbali, basi. Mimi ni mwandishi wa habari, najua mhariri wangu angeniambia nini nikimpelekea kazi ya namna hiyo. Lakini yule bwana alikuwa na jicho. Aliona hata usiku: aliandika kwamba ugonjwa ukikomaa, mtetemeko unamfuata mtu usingizini mpaka unamwamsha. Kitanda kimo kwenye habari hii tangu mwanzo.

Baba mwenyewe hapendi kusikia habari za Parkinson wa London. Anapenda za Muhammad Ali. Anakumbuka mwaka 1980, yeye akiwa mwalimu kijana, Ali alipokuja Dar es Salaam ametumwa na Rais Carter kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow, na Nyerere akakataa kuonana naye. Miaka minne baadaye Ali akaambiwa ana ugonjwa huo. "Mimi na Ali," baba husema, akiinua ile ngumi inayotikisika, na hapo lazima ucheke, maana ndivyo anavyotaka.

Sasa, usiku. Ugonjwa huu unaua taratibu seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia mwili kuanza mwendo na kuuendesha bila kikwazo. Vidonge vya levodopa vinaziba pengo hilo kwa saa kadhaa. (Mbegu za upupu, ule ule uliotuwasha shuleni, zina levodopa ndani yake kwa asili. Nawaomba msikimbilie porini, kipimo chake haukijui.) Mchana baba anameza dawa kwa saa, na mchana wake unaeleweka. Usiku ile ya mwisho inaisha nguvu, na inayofuata ni ya alfajiri. Katikati hapo mtu anabaki alivyolazwa.

Wewe na mimi tunajigeuza mara nyingi kwa usiku mmoja na asubuhi hatukumbuki hata moja. Kwa baba kila kugeuka ni kazi ya kupangwa: kunja magoti, geuza kichwa, rusha mkono, sukuma nyonga. Ikikwama hatua moja, zote zimekwama. Analala chali, anaitazama dari, ubavu unauma, mkojo umembana. Anamwita mama. Mama anaamka, anashika bega na nyonga, anamgeuza. Mara nne kwa usiku, wakati mwingine tano. Na mama ana miaka sitini na saba.

Hapo ndipo godoro linapoingia. Godoro laini linakupokea, ndiyo sifa yake. Nyonga na bega vinazama, linatokea shimo lenye umbo lako, na ili ugeuke lazima kwanza upande utoke kwenye shimo. Mwenye nguvu zake hata halioni. Mtu ambaye miendo yake yote imekuwa midogo, kama mwandiko wake ulivyokuwa mdogo, hawezi kupanda. Ile sponji ya kisasa inayobaki na alama ya mwili hata ukiinuka, ambayo wauzaji wanaisifia kuliko zote, ndiyo mbaya kuliko zote kwa mtu kama huyu. Nilihitaji godoro gumu. Si gumu la mbao, kwa sababu anayelala ubavu mmoja muda mrefu huchubuka na kupata vidonda. Gumu lenye kulainika kidogo juu tu.

Kulipata ni kazi ya mikono. Chukua mawili yenye kipimo kimoja, uyanyanyue: zito ndilo lenye sponji iliyoshiba. Bonyeza kwa ngumi, hesabu linarudi baada ya muda gani. Kisha kaa ukingoni, mwisho kabisa, kama mtu anayetaka kusimama. Ukingo ukilala chini ya uzito wako, liache, maana mgonjwa wa Parkinson anasimama kutokea ukingoni, na ukingo unaoanguka unamwangusha na yeye. Kijana wa duka la tatu aliniangalia nikikaa na kusimama, kukaa na kusimama, mpaka akaniuliza kama mgongo wangu uko salama.

Niliporusha picha kwenye kundi, gumu, inchi sita, kaka akapiga simu. "Yaani Mwalimu kasomesha watoto watano, analala kwenye inchi sita?" Nilimwelewa. Kwetu godoro nene ni salamu. Mtoto akipata kazi mjini, la kwanza ni bati, la pili ni godoro, na godoro halipiti kimya kimya: linapita juu ya bodaboda, limekunjwa na kufungwa kamba, kijiji kizima kinahesabu inchi. Babu yetu alilala juu ya mkeka. Kutoka mkeka hadi inchi kumi ni historia nzima ya familia, na mimi nilikuwa naleta kitu kinachoonekana kama kurudi nyuma. Nikamwambia, kaka, hiyo inchi kumi itakuwa ya wanaotazama. Akakata simu.

Lakini gumu zaidi lilikuwa jambo ambalo hakuna aliyeliandika kwenye kundi. Godoro la zamani lilikuwa tano kwa sita, na juu yake walilala wawili, miaka arobaini na nne ya ndoa. Je, jipya liwe moja, au mawili?

Baba anapigana usingizini. Mwanzoni mama hakumwambia mtu. Alikuwa na alama chini ya jicho, akasema ni mlango. Daktari ndiye aliyetueleza: tukiwa kwenye ndoto, mwili wa kawaida hufungwa usifuate ndoto, na kwa wagonjwa wengi wa Parkinson kufuli hiyo hulegea. Mtu anaota anakimbizwa, na miguu inakimbia kweli. Akaongeza kwamba dalili hii yaweza kutangulia mtetemeko kwa miaka mingi. Mama aliposikia hivyo akaweka kikombe chini. Baba alikuwa ameanza kufundisha usiku zamani sana, kabla ya kustaafu. Alikuwa akipaza sauti gizani, "Kaa chini! Nyuma huko, kaa chini!" na mama alikuwa akimwonea huruma, akidhani ni mawazo ya kazi.

Dada akapendekeza mama ahamie chumba cha wageni. Kwa kichwa cha hesabu, alikuwa sahihi. Mama akasema, "Mwanangu, nikihama nani atasikia akiita? Sauti yake si mnaijua ilivyobaki." Kweli, sauti nayo imepungua, yule aliyesikika hadi uwanja wa mpira leo unamwinamia kumsikia. Kisha akasema jambo la pili, la chini zaidi: watu wanaokuja kumjulia hali mgonjwa wanafika hadi chumbani, na wakiona vitanda viwili watakwenda kusema wazee wameachana.

Tulikaa na baba tukamuuliza. Alichukua muda wake, kama siku hizi anavyochukua kwa kila kitu, na sisi tumejifunza kutomjibia. Akasema, "Mnaniuliza habari za godoro au za ndoa?" Hakuna aliyejibu. Akasema, "Mama yenu alale. Mimi nataka nigeuke mwenyewe."

Basi ikawa vitanda viwili, tatu na nusu kwa sita kila kimoja, chumba kile kile, katikati nafasi ya mtu kupita kwa ubavu. Fundi seremala alikuwa mwanafunzi wake wa darasa la tano. Alikuja na futi kamba, akapiga goti mbele yake, akasema "Samahani, Mwalimu," akampima kutoka kisigino hadi nyuma ya goti. Kitanda pamoja na godoro likiwa limekaliwa visizidi hapo, ili akikaa ukingoni nyayo ziguse sakafu zote. Chaga akazibananisha, kwa sababu zikiachana, hata godoro gumu linajifanyia mabonde. Kando ya kichwa akasimamisha mti wa kushika. Miguuni tukafunga kamba yenye mafundo ya kuvuta ili kuinuka, na baba akasema sasa amefungwa kama mbuzi.

Shuka nalo lina maneno. Pamba inashika nguo. Mtu anageuka, pajama inabaki. Tukamwomba fundi cherehani ashone kipande cha satini katikati ya shuka, pale nyonga na mgongo vinapokaa, na kuacha pamba miguuni ili visigino vipate pa kukanyagia, na ukingoni asije akateleza hadi chini. Satini ile ilikuwa nyeupe, imebaki kwenye gauni la harusi la mtu. Mama alicheka siku nzima. Blanketi zito, ambalo kwa baridi ya vilima vya Ngara ni kama ndugu, tuliliondoa. Yeye analisikia kama mtu kamlalia. Nafasi yake zikaja mbili nyepesi.

Neti ilitushinda kwa muda. Malaria ipo, huwezi kumwambia mtu alale bila chandarua, lakini chandarua kilichochomekwa chini ya godoro pande zote ni ukuta kwa mtu anayetaka kutoka haraka saa nane usiku na vidole havimtii. Tuliishia kuning'iniza ya mraba, pana, inayogusa sakafu, upande wa kutokea haichomekwi, inalala chini kwa uzito wa fimbo nyembamba iliyoshonewa kwenye pindo. Anaisukuma kwa goti.

Ni mwezi wa tano sasa. Si kwamba amepona. Ugonjwa huu hauna tiba, unasogea, na ipo siku hata satini haitatosha. Kuna usiku anaita mara tatu. Kuna usiku haiti kabisa, na mama anaamka kwa hofu ya ukimya, anamulika simu na kumkuta kalala ubavu wa kushoto, wakati alimwacha wa kulia.

Kaka aliinunua inchi kumi yake. Iliingia Bugarama juu ya bodaboda saa kumi jioni, watu wakiwa barabarani, na mama ndiye anayeilalia. Wageni wakija kumsalimia Mwalimu, anavuta shuka la upande wake hadi juu, ili unene uonekane, na kitanda cha pili anakifunika blanketi mpaka chini.